Katikati ya Mapazia

I

Siku pazia la Lodwar lilipojaribiwa kwa mara ya kwanza, Talaso Guyo alikuwa amevaa sweta mbili.

Kituo chake kilikuwa juu ya mlima Kulal, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua lichoke kuusukuma, na asubuhi ile vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hata baada ya kukumbatia kikombe cha chai. Chini, katika nchi yote iliyokuwa mikononi mwake, watu walikuwa wakilowesha shuka na kujifunika ili walau watoto wapate lepe la usingizi. Alilikumbuka jambo hilo kila alipofunga vifungo vya sweta, na kila mara aliona haya kidogo, kama mtu anayekula mbele ya waliofunga.

"Dada, unatuona?" Sauti ya Ekai Lokwang ilitoka redioni imejaa upepo. Ekai alikuwa meneja wa mradi wa Lodwar, mradi wa sita na wa mwisho.

"Nawaona."

"Basi shika moyo. Tunafungua."

Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, maputo ya Lodwar yalionekana kama punje za mtama zilizomwagwa juu ya mkeka wa bluu. Yalielea juu mno, kupita njia za ndege, huko ambako mawingu ya mvua hayafiki. Kati ya maputo hayo kilikunjwa kitambaa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kilichofumwa kwa uzi wenye kuirudisha miali ya jua ilikotoka. Ekai akatoa amri. Winchi zikaanza kuimba huko ardhini, kamba zikakazana, na kitambaa kikatanuka polepole, upande kwa upande, mpaka kikaufunika mji mzima. Hakikuleta giza. Kilileta ile nuru ya alasiri inayowafanya watu watoe viti nje.

Kisha vikapanda vigelegele. Talaso alimsikia Ekai akicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, na nyuma yake mafundi wakiitana kwa majina ya utani.

Aliijua sherehe hiyo. Baragoi, alipokuwa meneja wa mradi, alikuwa na kikosi chake mwenyewe. Walikula sufuria moja, wakagombana kwa ajili ya spana, wakauguzana malaria, na Ekai alikuwa msaidizi wake. Siku pazia lao lilipotanda, wanawake wa Baragoi walimpaka Talaso mafuta kichwani na kumwimba jina. Kazi ilikuwa imekwisha na kila mtu aliiona ikiwa imekwisha, iko juu angani, inatoa kivuli. Baadaye Bodi inayosimamia mapazia ikampandisha cheo. Ikamfanya meneja wa programu, ikamkabidhi mapazia yote sita pamoja na mlima huu. Tangu siku hiyo hakuwa na kikosi. Alikuwa na mameneja wa miradi waliompigia redio, kila mmoja na shida yake, na wakishamaliza kusema wakarudi kwa watu wao.

Vigelegele vya redioni havimshibishi mtu. Talaso akageuza macho, akatazama vioo vidogo vya pembeni, vile ambavyo hakuna mtu mwingine aliyevitazama.

Hapo ndipo alipoiona tiara ya Suguta.

Ilikuwa tiara ya vipimo, mojawapo ya nyingi alizoagiza zirushwe mahali pasipo na pazia. Hii ilielea juu ya bonde la Suguta, kati ya Lokichar na Baragoi, na joto ililokuwa ikilipima lilikuwa linapanda. Halikupanda kwa hatua ndogo ndogo za asubuhi. Lilipanda kama maziwa yanayotaka kumwagika. Talaso alidhani chombo kimeharibika. Akakizima, akakiwasha. Likaendelea kupanda.

"Ekai, jaribio linaisha saa ngapi?"

"Tunakunja sasa hivi. Umeona lilivyotanda? Hata mshono mmoja haukukataa!"

Pazia likakunjwa. Joto la Suguta likasimama, likasita, likashuka.

"Fungua tena kidogo," Talaso alisema.

"Kuna nini?"

"Fungua tu. Nakuomba."

Akafungua. Joto likapanda tena. Talaso akaketi.

"Dada, mbona umenyamaza? Sema hata neno moja, vijana wanakusikiliza."

"Hongera, Ekai. Wape hongera wote."

"Hiyo ni sauti ya matanga," Ekai alisema, akicheka. Lakini kabla redio haijazimika alikuwa ameacha kucheka.

II

Hewa baridi ni nzito. Pazia linapoupoza mji, hewa ya mji huo hushuka na kutawanyika pande zote, na hewa ya moto iliyokuwapo husukumwa itafute pa kwenda. Ukimwaga maji katikati ya sakafu yenye vumbi, vumbi halipotei, linasogea pembeni. Hilo wahandisi walilijua tangu mwanzo, na kwa pazia moja halikuwa tatizo, kwa sababu nyika ni kubwa. Kwa mapazia mawili bado lilivumilika. Lakini Lokichar lilikuwa limetanda, Baragoi lilikuwa limetanda, na Lodwar lilipojiunga nayo, bonde la Suguta likawa shimo ambamo moto wa miji mitatu ulimwagwa.

Talaso alikipa kazi kielelezo cha upepo, ile programu ya kompyuta inayoiga hewa ya Kaskazini yote, akakirudisha mwanzo mara nyingi kadiri alivyoweza kuvumilia. Jibu lilikuwa lile lile. Na Suguta ina chemchemi za maji moto. Hewa yake imejaa mvuke. Joto kali lenye ukavu humtesa mtu, lakini mwili hujiokoa kwa jasho. Joto lenye mvuke hulifanya jasho likatae kukauka. Hapo hata mtu mwenye nguvu, aliyekaa kivulini na mtungi wa maji mkononi, hupikwa taratibu kwa ndani.

Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Meneja wa Lokichar alipimwa kwa joto la Lokichar, naye alishinda. Talaso mwenyewe alipimwa kwa joto la Baragoi, akashinda. Ekai angepimwa kwa joto la Lodwar. Kila mmoja aliufagia ua wake vizuri, na takataka zote zikaishia kwa asiye na ua.

Alimpigia Ekai mchana, alipojua kikosi kimekwenda kula.

"Nataka usifungue wiki ijayo."

Talaso alisikia bati likilia kwa jua huko Lodwar.

"Gesi ya maputo inavuja kidogo kidogo, unajua," Ekai alisema. "Kiangazi kikuu kikiingia na upepo wake wa juu, kamba hazitaweza. Nikikosa wiki ijayo, nimekosa mwaka."

"Najua."

"Unajua, ila umesahau. Mimi nina pazia moja, Dada. Nina tarehe, nina bajeti, nina vijana wa kuwarudisha kwa mama zao wakiwa wazima. Nikilitandaza, nimemaliza. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo Baragoi. Ulisema meneja wa mradi akianza kuchungulia ng'ambo ya uzio wake, chungu chake kitaungua."

"Nilisema. Na kwa kazi ile nilikuwa sahihi."

"Na hii ya sasa ni kazi gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Talaso swali hilo.

"Hii ndiyo ya kuchungulia," alisema. "Wewe ukiulizwa umefanya nini, utaonyesha juu. Mimi sina cha kuonyesha, Ekai. Mimi naulizwa kama watu wanalala na kuamka. Wote, hata wale walio katikati ya miradi, wasio wa meneja yeyote. Wale ndio wangu zaidi."

"Na mama yangu ni wa nani? Jana ameanguka jikoni. Mtoto wa jirani tumemzika juzi, hajaanza hata kutambaa. Hao si watu wanaolala na kuamka?"

"Ni hao hao."

"Basi usiniambie habari ya uzio," Ekai alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akakata mawasiliano bila kuaga.

III

Alishuka mlima peke yake kwa gari la umeme la kituo, akazunguka kusini mwa ziwa lililo chini yake, akaingia Suguta jua likiwa bado halijakaza. Sweta zote mbili alikuwa amezitupa kiti cha nyuma.

Katika ramani za Bodi bonde lile lilipakwa rangi ya kijivu, maana yake hapana makazi. Talaso aliwakuta watu wakiwa wamejenga vibanda vya makuti ya mikoma kando ya kijito, wana mbuzi, wana ngamia wachache, wana hata darasa lililoezekwa kwa turubai. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji alinyooka, akamtazama tangu viatu mpaka nywele.

"Umepotea?"

"Hapana. Naitwa Talaso. Natoka kwenye mapazia."

"Aa." Mwanamke aliweka ndoo chini. "Mimi Akiru. Karibu. Pazia lenu lilitufukuza Lokichar, sasa limetufuata."

Hakusema kwa uchungu. Alimpeleka kibandani kwake, akampa maziwa ya ngamia, na walipokwisha kukaa akamweleza. Kabla ya pazia, Lokichar ilikuwa mji wa kila mtu. Kivuli kilipokuja, wenye nyumba walipandisha kodi, wakaja watu wa mbali wenye magari, na waliokuwapo wakasogea, wakasogea tena, mpaka wakajikuta juani. Suguta hapakuwa na mwenye nyumba.

"Jumanne iliyopita mlifanya nini?" Akiru aliuliza. "Asubuhi. Jasho lilikataa kukauka. Mbuzi wakalala chini wote kwa pamoja. Tukafikiri chemchemi imepasuka. Kisha likaondoka, likarudi, likaondoka."

"Lilikuwa jaribio la pazia la Lodwar."

"Na likifunguliwa moja kwa moja?"

Talaso alikuwa amejiandalia namna laini ya kulisema. Alipoyatazama macho ya mwenyeji wake akaiacha.

"Mtakufa. Watoto kwanza."

Nje mtu alikuwa akitwanga kitu, pole pole, mchi ukigonga kinu kwa mwendo usiobadilika. Akiru alisikiliza kama mtu anayehesabu nani yuko nyumbani.

"Hamwezi kuhamia mahali pengine?" Talaso aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Tuhamie wapi? Kwenye kivuli hatuwezi kulipa. Juani, wewe umekuja kuniambia jua lote tumepewa sisi. Mnaweza kulizuia pazia lenu?"

"Siwezi kulizuia. Lodwar nako wanakufa. Naweza kuyakunja yote matatu kiasi, kila mji upungukiwe kidogo, na moto usimwagike wote hapa. Lakini hiyo miji itaongezeka joto. Wazee wengine, na wenye ugonjwa wa moyo, hawataliweza."

"Wangapi?"

"Sijui. Wachache kuliko ninyi."

Akiru aliichukua bilauri iliyokwisha maziwa, akaipangusa kwa ukingo wa shuka yake, akaendelea kuipangusa ilipokuwa imekauka.

"Usiniulize mimi," alisema. "Najua hujaniuliza, lakini umekuja mpaka hapa ukitumaini nitasema kitu. Nikisema, nitasema wafe wao. Na mimi si mtu mbaya. Kwa hiyo usiniulize."

Alimsindikiza mpaka garini. Walipofika alimpa mkono, akaushika kwa muda, kisha akarudi kwenye ndoo yake.

IV

"Suguta haimo katika programu," alisema Bwana Kithinji, Katibu wa Bodi. Sura yake ilijaa kioo kizima. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mvua ilikuwa ikinyesha. "Nakuhurumia, Bi Talaso. Lakini hakuna mradi wa Suguta."

"Programu yetu inaitwaje, Bwana Kithinji?"

"Tafadhali."

"Inaitwaje?"

"Programu ya Kivuli cha Kaskazini."

"Na Suguta iko wapi?"

Katibu alivua miwani, akaisugua pua. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyeahidi mapazia sita mbele ya watu wengi.

"Nisikilize kama rafiki. Ukiyakunja, hakuna hata mmoja wa miradi hiyo mitatu utakaohesabika umekamilika. Wa Baragoi ulikwisha kukabidhiwa kwa mji. Lokichar vilevile. Utawapokonya watu kitu walichokwisha kukishika mkononi, na hao walio bondeni hawatajua hata kukushukuru. Wakubwa watauliza jina la aliyefanya hivyo. Sitaweza kulificha."

"Lisifichwe. Mkataba unanipa mamlaka ya kuyapanga mapazia kwa manufaa ya programu nzima. Nitaandika sababu na jina langu."

"Na kama kielelezo chako kimekosea?"

Swali hilo alikuwa ameshajiuliza mara nyingi. Kielelezo ni kuiga tu. Upepo wenyewe haujasoma hesabu zetu. Angeweza kuwa anawaua wazee wa Baragoi kwa ajili ya kosa la kompyuta.

"Nilikwenda Suguta," alijibu. "Mbuzi walilala."

Kithinji, asielewe, akakata.

Zilibaki amri. Lodwar na Lokichar zilihitaji kukunjwa theluthi moja. Baragoi, kwa kuwa iko ukingoni kabisa mwa bonde na hewa yake huporomoka humo moja kwa moja, ilihitaji kukunjwa nusu. Talaso alilitafuta jibu jingine kwenye kielelezo kutwa nzima, akijua kwa nini analitafuta. Halikuwapo.

Msimamizi wa pazia la Baragoi alikuwa Lemarti, fundi wa winchi wa kikosi cha zamani. Mama yake, Mama Nolari, ndiye aliyewapikia miaka yote ya ujenzi. Alikuwa mwanamke mpana mwenye moyo mbovu na sauti kubwa, aliyemlazimisha Talaso kula hata siku alizokuwa na homa.

"Nimeupata ujumbe wako," Lemarti alisema redioni. "Sikuutekeleza. Nimeona niusikie kwa kinywa chako, Mkubwa."

"Una haki."

"Unamjua mama. Daktari alisema anaishi kwa sababu ya hiki kivuli. Alisema hivyo hivyo, mbele yangu."

"Mlete huku mlimani, Lemarti. Kuna baridi. Nina chumba."

"Nimemwambia. Amesema hawezi kufia mahali asipojua jirani." Akavuta pumzi. "Ungekuwa bado wewe ni meneja wetu hapa, ungekubali?"

"Ningekataa," Talaso alisema. "Ningesimama mbele ya winchi na kukataa, na ningekuwa na haki. Kazi yangu ingekuwa kukataa."

"Basi?"

Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Hakuna kilichoonekana nje, si ziwa, si bonde.

"Kunja nusu, Lemarti."

Alisikia mkono wa Lemarti ukigusa mtambo. Alisikia winchi ikianza, winchi ileile aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, na akaijua kwa mlio wake, ule mkwaruzo mdogo ambao hawakuwahi kufaulu kuuondoa. Hakuzima redio mpaka iliponyamaza.

V

Pazia la Lodwar lilitandazwa juma lililofuata, theluthi yake ikiwa imekunjwa. Watu walishangilia, kwa kuwa kivuli ni kivuli, lakini magazeti yaliandika kuwa mradi umeishia njiani, na mgeni rasmi hakuja. Ekai alitoa amri zote kwa sauti ya mtu anayesoma. Alipomaliza alisema, "Lodwar tayari," akafunga redio.

Talaso alikaa mbele ya vioo vidogo. Joto la Suguta lilipanda, likakaribia mahali alipopaogopa, likabaki hapo hapo, kama mnyama aliyefika mlangoni akakosa kuingia. Kutwa lilibaki hapo. Kesho yake likabaki hapo. Alijikuta amesimama, mikono kifuani, na akatazama huku na huku chumbani kana kwamba yuko wa kumwambia. Akakaa. Akapika ugali wa mtu mmoja, akala nusu.

Kiangazi kikuu kilikuwa hakijamaliza wiki ya pili Mama Nolari alipofariki, mchana, ameketi kwenye kiti chake nje ya jiko. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho Baragoi msimu ule. Lemarti hakupiga redio. Talaso alilisoma jina katika taarifa ya hospitali, kati ya majina mengine, akashuka mlima siku hiyohiyo.

Alifika watu wakiwa wamekwisha kukusanyika kaburini. Wanawake waliompaka mafuta kichwani miaka ile walimwona, wakageuza nyuso, hata kumnyooshea kidole kwa hasira hawakumnyooshea. Alisimama nyuma ya wote. Nusu ya mji ilikuwa kivulini na nusu juani, na makaburi yalikuwa upande wa jua.

Mchungaji alipomaliza, Lemarti alimfuata, koleo mkononi, mchanga umemganda usoni.

"Umekuja."

"Pole, Lemarti. Pole sana."

"Huko bondeni," alisema, "wamepona wangapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hakuna aliyekufa. Waliopona hawawezi kuhesabika, kwa kuwa wamekaa tu kama walivyokuwa wakikaa. Wanachunga. Wanachota maji." Akaona jinsi maneno hayo yalivyo madogo mbele ya lundo la udongo mbichi. "Ninaweza kukupeleka ukawaone."

"Nikawaone nifanye nini?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Wewe ulitupa kivuli, nami nikawaambia watu, huyu ni dada yetu. Sasa nimwambie nani kwamba ni wewe uliyekirudisha? Hilo pazia ulilitandaza wewe, Mkubwa. Tulikuwa pamoja."

"Tulikuwa pamoja," Talaso alisema.

Lemarti akarudi kaburini, akaungana na wanaume waliokuwa wakishindilia udongo.

Chakula kilipoanza kugawiwa hakuna aliyemwita, naye hakutaka kumpa mtu taabu ya kumkwepa. Aliingia garini, akala mkate aliokuja nao. Redio ya gari ikakoroma.

"Dada? Uko wapi?"

Ilikuwa wiki ya tatu hajaisikia sauti hiyo ikisema neno lisilo la kazi.

"Baragoi."

"Nimesikia habari," Ekai alisema. "Alikuwa akinifichia ukoko, unakumbuka? Alisema Mturkana mwembamba anamtia aibu."

"Nakumbuka."

"Mama yangu jana amelala mpaka kumekucha. Mara ya kwanza mwaka huu. Nilimwendea nikamwekea mkono puani nione kama anapumua."

"Nimefurahi, Ekai."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nilitaka ujue yote mawili." Nyuma yake kulikuwa na kelele za malori na watu wakirushiana mizigo. "Tumefunga mradi leo. Vijana wanakwenda zao. Mimi wamenipa daraja la kujenga, Rufiji, ni kazi nzuri, ina mwanzo na mwisho. Redio hii nairudisha stoo jioni. Wewe yako inaisha lini?"

Talaso alitazama kupitia kioo cha mbele. Ukingo wa kivuli ulikuwa ukipita katikati ya barabara, upande mmoja watu wamekaa chini wakila, upande mwingine vumbi jeupe.

"Sijaambiwa," alisema.

"Haya. Nenda polepole, barabara ile mbaya. Kwaheri, Dada."

"Kwaheri, Ekai. Ulifanya kazi safi."

Hakujua kama neno hilo la mwisho lilifika. Taa ndogo ya redio ilikuwa imezimika.

Mtu aligonga dirisha. Alikuwa msichana mwenye leso kiunoni, mmoja wa waliokuwa wakigawa chakula, mdogo mno hata asimfahamu.

"Shikamoo, mama. Samahani, gari lako limeziba njia. Lori la waombolezaji linataka kupita."

"Marahaba. Samahani, nalisogeza."

Akawasha, akarudi nyuma mpaka kando, magurudumu kwenye miba. Lori likapita taratibu limejaa watu, wamesimama wamebanana, wanashikana mabega ili wasianguke, wengine wakiimba chini chini. Mmoja wa wanawake alimtazama, na macho yao yakabaki pamoja mpaka lori lilipokata kona.

Talaso alingoja vumbi litulie. Kisha akavuta sweta moja kutoka kiti cha nyuma, akaiweka mapajani kwa ajili ya mlimani, akaondoa gari.